Bafu Liko Nje

Mwanangu Anchia,

Barua huanza kwa kuuliza hali, na mwandishi akasema yeye hajambo. Hali yako sina haja ya kuiuliza. Nakusikia hapo nyumba ya pili kwa Bi Sauda ukiaga, unacheka kile kicheko chako cha kuwaridhisha watu. Yangu utaijua ukimaliza kusoma. Sasa ni baada ya alasiri, nimekaa chumba namba mbili, kile kisicho na mgeni, na nimetia komeo ili usiniingilie. Barua hii nitaificha kwenye begi lako chini ya nguo, na nimeandika juu ya bahasha kwamba usiifungue kabla hujavuka Ruvuma. Ukiisoma hapa nyumbani utaniambia, "Basi, Mama," na mambo yataishia hapo kama yalivyoishia kila mara.

Sitakuandikia habari za kula na kulala, wala za kumsikiliza shangazi yako Rukia. Mtu wa miaka ishirini na miwili hafundishwi kukunja shuka, na shangazi yako atakufundisha mengine hata yale usiyoyataka, mdomo wake unaujua. Nataka kukuandikia habari ya maneno mawili niliyoyanakili ukutani, na yaliyotokea baada yake. Sehemu unaijua. Sehemu nilikuwa nadhani huijui.

Unafahamu kwamba mimi nilisoma Mtwara, wakati wa vita, mpaka darasa la saba. Kiswahili naandika bila kubabaika. Nilipovuka kurudi nikaikuta nchi yangu inaandikwa Kireno. Tangu hapo maisha yangu yote nimesimama kwenye madirisha ya ofisi nikingoja mtu mwenye huruma anisomee karatasi yangu mwenyewe. Wewe ulipoanza shule ukaja na daftari la Kireno, nilikuwa nalishika usiku nikiangalia herufi tu. Sikukwambia, nikaona haya.

Halafu gesi ikaonekana huko baharini. Palma hii, ambayo mgeni wake alikuwa muuza vitenge au mtumishi aliyehamishwa kwa kosa, ikajaa watu wenye viatu vizito na kofia ngumu. Kila mwenye kiwanja akajenga. Mimi nikakata mikorosho mitatu aliyoipanda marehemu baba yako, ukalia, nikakwambia mikorosho hailali mgeni. Nikajenga vyumba vinne vya tofali na mabati. Mwaka wa kwanza havikukaa wazi hata siku moja. Kisha wakajenga kambi yao kule, wakazungusha uzio, na katika wiki moja wageni wangu wote wakahamia ndani ya uzio. Akabaki Dona Celeste, nesi wa kituo cha afya, kwenye chumba namba moja. Asubuhi nilikuwa nafagia vyumba vitatu visivyolaliwa na mtu. Mikorosho haikuweza kurudi, na vyumba havikuweza kuliwa. Nilikuwa nimejifungia mwenyewe na ufunguo nimeutupa.

Ndipo ukaja na simu yako. Ukasema tufungue akaunti, tuipe jina la nyumba, watu watuone hata walio Pemba ya huku kwetu na Nampula. Nakumbuka ulivyofuta kioo cha kamera kwa ncha ya kanga yangu. Ulingoja jua liingie kwa dirisha la mashariki. Chandarua cha chumba namba tatu kilikuwa kimetoboka, na mimi nikasema piga tu, nani ataona tundu. Wewe ukatafuta sindano, ukashona kwanza, ndipo ukapiga. Ukaandika kwa Kireno na kwa Kiswahili: vyumba vinne, safi, karibu na msikiti wa Ijumaa, chai ya asubuhi ipo. Na mwisho ukaongeza: bafu liko nje.

"Bafu unalitaja la nini?" nikakuuliza. "Nani anajitia aibu mbele ya dunia nzima?"

"Hata tusipolitaja, Mama, litakuwa nje vilevile."

Nilinuna siku mbili. Wageni wakaanza kuja, si wengi, mmoja mmoja. Yule mwalimu wa kutoka Nampula alifika jioni, akatoa taulo na sabuni, akatoka uani moja kwa moja bila kuuliza. Akasema, "Najua, nimesoma." Ukanitazama. Mimi nikajifanya nakoroga uji.

Neno la siri la akaunti, hiyo senha, ulilichagua wewe. Ulitia Sindano, jina nililokuita ulipozaliwa kwa sababu ulikuwa mwembamba mno, na hakuna mwingine anayekuita hivyo. Ulisema umelichagua ili nisije nikasahau.

Wanawake wa mtaa wakaona. Bi Sauda akaleta mikeka yake, kina mama wa pwani wakaleta pweza mkavu, yule fundi cherehani akaleta magauni ya harusi. Walikuwa wanakaa barazani kwetu na vitu vyao kwenye vifurushi wakingoja zamu ya kupigwa picha. Kila mmoja ulimuuliza maswali mpaka akachoka: mkeka umesukwa kwa ukindu wa wapi, pweza amekaa juani siku ngapi. Ulikuwa unaandika lililo kweli, na watu walikuwa wanaagiza mpaka Mocímboa. Nilikuwa napita na sinia la chai katikati yao nimejaa fahari, ingawa mdomoni nilikuwa nalalamika kwamba wananichafulia baraza.

Sasa nifike kule nisikotaka kufika.

Ulikwenda Olumbi kwenye harusi, siku nne, kusikofika mtandao. Vyumba viwili vilikuwa wazi. Nikasema na mimi leo niandike kwa simu yangu, nimshangaze mtoto. Nikakumbuka pensheni moja ya Mocímboa, nyumba ya wageni karibu na bandari, nilikuwa nalala pale zamani nikipeleka mzigo. Ukutani walikuwa wameandika kwa rangi nyekundu TEMOS VAGAS. Nilimwuliza mtumishi wao maana yake, akaniambia maana yake nafasi zipo, ingia ulale. Maneno hayo mawili nilikuwa nayajua kwa moyo, ndiyo Kireno changu cha kuandika. Basi nikayaandika kwa herufi kubwa, nikatia Palma, nikatia namba ya simu. Na picha nikachagua ile ninayoipenda, ya wale mainjinia sita wa mwaka wa kwanza, wamekaa barazani kwetu na kofia zao ngumu wanakunywa chai. Bafu sikulitaja.

Kabla ya adhuhuri simu ilikuwa haipumziki. Vidole gumba vinapanda, watu wanasambaza, ujumbe unaingia juu ya ujumbe. Mmoja akauliza kama ipo vaga ya soldador. Mwingine vaga ya motorista. Mwanangu, nilidhani Soldador ni jina la ukoo. Nikasema ukoo huu mkubwa, na ukoo wa Motorista nao, bila shaka wana harusi yao hapa Palma. Kila mmoja nikamjibu kwa maneno matatu niliyokuwa nayo: Sim. Temos. Venha. Ndiyo, zipo, njoo. Nilijibu siku nzima, megas za mtandao zikaisha nikanunua nyingine. Sikuwahi maishani kuulizwa mambo kwa Kireno na watu wengi hivyo nikawa na jibu.

Uliporudi kutoka Olumbi uliwakuta langoni wanaume saba wenye mafaili ya plastiki. Hukuingia hata kuweka begi. Ulichukua simu, ukasoma, ukakaa juu ya ndoo.

"Mama, vaga ni nafasi. Ya kitanda ni nafasi, na ya kazi ni nafasi. Ukutani kwa pensheni ni kitanda. Hapa Palma, na hawa wenye kofia, ni kazi. Soldador ni mchomeleaji vyuma. Motorista ni dereva." Kisha ukasema polepole, "Hawa watu wametoka Montepuez, Mama. Wengine Nampula. Ifute sasa hivi."

Nikasema nitaifuta nikitoka kuswali. Mpaka hapo lilikuwa kosa la mtu asiyejua, na kosa la namna hiyo lina msamaha wake. Nilipotoka kuswali sikuifuta.

Nikwambie kwa nini, maana hili hujalisikia kwa mtu. Vyumba vilijaa, hilo kweli, wakalala mpaka barazani. Lakini halikuwa hilo peke yake. Wanaume wenye tai walikuwa wanasimama nikipita. Waliniita Dona Rabia. Waliniita patroa, yaani bosi. Watu waliosoma, wenye vyeti vyenye mihuri, walikuwa wananinyooshea karatasi zao kwa mikono miwili, mimi niliyezeeka kwenye madirisha ya ofisi. Nilikuwa nazipokea, nazitazama juu chini kama ninayesoma, narudisha. Nikasema siku mbili tu. Kisha tatu. Nikampelekea simu yule fundi simu wa sokoni, nikamwomba anibadilishie senha. Wewe ulipojaribu kuingia ili ufute mwenyewe ukaja kwangu.

"Mama, inakataa."

"Hata mimi inanikataa. Nimesahau."

"Namba za kufungulia huja kwenye simu yako. Nipe nijaribu."

"Simu haina megas."

Ukatazama kioo cha simu yako kwa muda mrefu. Kisha ukanitazama mimi. "Basi, Mama."

Ukaenda kwa wanaume wale mmoja mmoja, ukawaambia kwa Kireno na kwa Kimakua kwamba hakuna kazi hapa, kuna vitanda tu. Wachache wakaondoka. Wengine wakakujibu: kama hakuna, mbona bado imeandikwa? Jibu lilikuwa jikoni linapika maharage. Wakaanza kusema unazificha nafasi kwa ajili ya ndugu zako. Wakaja kuniuliza mimi, nami nikawaambia kwa Kireno changu, espera, subirini. Niliyatengua maneno yako mbele yao, mtoto wangu, kwa neno moja.

Senhor Abílio alikuwa miongoni mwao, yule mchomeleaji wa Montepuez, mtu mrefu mwenye sauti ndogo. Aliuza cherehani ya mkewe apate nauli. Kila asubuhi alikuwa anapiga pasi ya mkaa shati lile lile, anavaa, anakaa barazani anangoja aitwe. Nilikuwa nampelekea chai. Wengine walinunua, yeye nilimpa. Nilijiambia ni ukarimu.

Siku ile ya sokoni nilikuwepo. Najua uliniona, tusidanganyane tena. Nilikuwa kwa muuza nazi, nazi moja mkononi, naitikisa nisikie maji. Senhor Abílio akakusimamisha katikati ya watu. Hakupiga kelele. Akatoa kwenye faili lake karatasi aliyokuwa ameichapisha huko kwao na kuitia plastiki kama kitambulisho: picha ya baraza letu, wale mainjinia, na maneno yangu mawili juu.

"Menina, wewe binti, haya nani ameandika?"

Ukainua macho, ukaniona, ukaona na nazi. Mimi nilikuwa hatua kumi kutoka kwako, na ulimi wangu ulikuwa mzima. Ukamgeukia ukamwambia, "Nisamehe, senhor."

Nani angefikiri vingine? Kireno ni chako, simu ni yako, picha ni zako. Tangu siku hiyo ukawa Temos Vagas. Watoto wakakuitia barabarani. Bi Sauda akaja kuchukua mikeka yake, akasema siku hizi inauzika yenyewe. Kina mama wa pwani wakaacha kuja. Fundi cherehani alituma mtu achukue magauni. Baraza likawa tupu, na kazi uliyoijenga kwa mikono yako mwenyewe, picha kwa picha, ikafa kwa maneno ambayo hukuyaandika. Jioni ile nikayafuta. Nikakwambia yamejifuta yenyewe. Ukasema, "Basi, Mama."

Lakini wewe ndiye ulinieleza kwamba kitu kikishasambazwa, kufuta kwako ni kufuta kwako tu. Nakala zinatembea mpaka leo. Kuna mtu ameongeza chini yake kwamba mshahara ni mzuri. Simu yangu inalia kila siku, sauti ngeni, adabu nyingi, bom dia, bado kuna vagas? Nikiizima, wageni wa kweli hawanipati. Nikiiwasha, ndio hao. Kuna siku naiacha ndani ya sufuria na kifuniko juu, na bado naisikia.

Shangazi yako alipopiga akasema uje Mtwara umsaidie kutangaza vitenge vyake kwenye simu, ulikubali kabla hajamaliza kusema. Nilikuwa nataka kukwambia usiende. Mdomo wa kusema hivyo sikuwa nao, maana ningeulizwa unakimbia nini.

Wiki hii ndiyo nimejua. Nilitaka kuingia kwenye akaunti, mkono ukaandika Sindano kwa mazoea, badala ya ile senha ya baadaye. Ikakataa na maandishi mekundu. Nikamwomba Dona Celeste anisomee.

"Inasema hiyo ni senha ya zamani, mama," akasema. "Inasema ilibadilishwa miezi mitano iliyopita."

"Huwa inasema hivyo kila mara?"

"Kila mara. Inasema mpaka ni lini."

Nikakaa kitandani kwake bila kukaribishwa. Kumbe siku ile kioo kilikwambia kwamba senha imebadilishwa siku tatu kabla. Waliokuwa na senha ni wawili, wewe na mimi. Ulisoma, ukajua, ukasema basi. Sokoni ulijua. Nilipokwambia imejifuta ulijua. Miezi mitano nimekaa nikiogopa utagundua, nawe miezi mitano ulikuwa unanichunga nisigundue kwamba umegundua. Tumekula pamoja kila siku namna hiyo, mwanangu, sahani moja.

Asubuhi ya leo nilikuaga kwamba naenda kutafuta nazi. Nimerudi bila nazi, ukaona, hukuuliza. Nilikwenda sokoni, pale pale. Senhor Abílio siku hizi anaziba sufuria kando ya wauza mchele, maana nyumbani hakwendeki bila cherehani. Nikasimama mbele yake, nikasema kwa sauti ya kusikiwa na wote: maneno yale niliandika mimi. Mtoto alikuwa Olumbi. Aliporudi akaniambia nifute, mimi nikakataa, nikabadilisha senha asiweze. Aliwaambia ukweli, na mimi nikawaambia subirini.

Hakuinuka. Alikuwa na sufuria magotini. Alifikiri, kisha akauliza, "Na ile chai, mama? Ulikuwa unaniletea ukijua?"

Nikasema ndiyo.

Akarudi kwenye sufuria yake. Ningependa kukuandikia kwamba alinisamehe, lakini hakusema kitu. Nimemwambia cherehani yangu iliyo chumbani sasa ni ya mkewe, aje aichukue. Hajaja bado. Bi Sauda alikuwepo, na nadhani ndiyo sababu amekushikilia huko mpaka sasa hivi. Wengine walicheka. Nilipokuwa narudi, watoto wa njia ya msikiti wakapiga kelele, Temos Vagas, Temos Vagas. Nikageuka nikaitika. Wakatawanyika, hawakutegemea.

Kwa hiyo ukiondoka kesho hutaondoka na jina hilo. Limebaki kwangu, ndilo langu tangu mwanzo. Sikwambii haya ili ubaki. Gari la kwenda mpakani Namoto limekwisha kupangwa, shangazi yako amekwisha kukutandikia, na mimi nimechelewa miezi mitano. Nitabaki na vyumba vyangu vinne na simu inayolia.

Shangazi Rukia atakutaka useme vitenge vyake vimetoka mbali kuliko vinakotoka. Wewe utaandika vinakotoka, nakujua, mtagombana, usirudi nyuma. Hilo si la kukufundisha mimi, mimi nililinunia. Nina moja tu nililolipata mwenyewe: siku mtu atakapokuuliza jambo ukajikuta unafurahi sana kuulizwa, ngoja kidogo kabla hujajibu. Mimi nilipenda kuulizwa kuliko nilivyojali kinachoulizwa. Na mtu ukimpenda usimwambie basi haraka hivyo. Ungenifokea siku ile senha ilipokukataa, ningelia, ningekasirika, na Senhor Abílio angekuwa kwake. Sikulaumu. Nasema tu kwamba ulinihurumia mno, nami nikajificha ndani ya huruma hiyo.

Sasa hivi nimeandika tena kwenye ukurasa wetu, kwa Kiswahili changu, na Dona Celeste amenigeuzia kwa Kireno. Nimeandika hivi: Mimi Rabia, mwenye nyumba, ndiye niliyeandika Temos Vagas, na mwanangu hakuhusika. Hapa hakuna kazi, wala haikuwahi kuwapo. Aliyekuja akapotezewa siku zake anidai mimi. Kuna vyumba vinne, na chandarua kimoja kimeshonwa. Bafu liko nje.

Nimechapisha. Picha nimetia ile yako ya dirisha la mashariki. Ukishavuka, ukipata mtandao, isome, na ukiona nimekosea neno ingia ulirekebishe. Senha nimeirudisha ile ya kwanza.

Mama yako,
Rabia